Ndugu Wawili wa Can Ty Waliogeuzwa Yatima wa Nepali: Uchambuzi wa Kisa cha Picha Moja

Siku chache baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 25 Aprili 2015, picha ya watoto wawili ilianza kuzunguka Facebook na Twitter. Mvulana mdogo amemkumbatia msichana mdogo kuliko yeye, na msichana analia. Maelezo yaliyoambatana nayo yalisema ni kaka wa miaka 4 anayemlinda mdogo wake wa miaka 2 huko Nepali. Watu wakaisambaza kwa uchungu. Wengine wakaanza kuwatafuta watoto wenyewe ili wawasaidie, na michango ikaanza kuombwa.

Watoto wale hawakuwa Nepali, na hawajawahi kuwa yatima wa tetemeko lolote. Picha ilipigwa Oktoba 2007 na Na Son Nguyen, mpiga picha wa Vietnam, katika kijiji cha Can Ty, mkoa wa Ha Giang, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Kutoka hapo hadi Kathmandu ni karibu kilomita 2,000. Ni watoto wa Kihmong, watu wa milima ya Vietnam, Laos, Thailand na kusini mwa China. Mwanzoni mwa Mei 2015 BBC ilizungumza na Nguyen, naye akaeleza ilivyokuwa: alikuwa anapita kijijini, akawaona watoto wawili wakicheza mbele ya nyumba yao huku wazazi wao wakifanya kazi shambani jirani. Msichana, labda wa miaka 2, alipomwona mgeni akaanza kulia. Mvulana, labda wa miaka 3, akamkumbatia kumbembeleza. Nguyen akaguswa, akapiga haraka, na baadaye akaiweka picha kwenye blogu yake.

Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya wale wanaopenda kupiga picha za watoto na maisha ya kila siku katika vijiji vya Nepali, iwe ni watalii wa milimani, watu wa mashirika au vijana wa kujitolea. Wengi wao wamefundishwa adabu ya dakika ile ya kubonyeza: omba ruhusa, salimia, usigawe peremende. Ni adabu njema. Ila kisa cha Can Ty kinaonyesha kwamba madhara makubwa huja baadaye, pale uso wa mtoto unaposafiri bila habari zake. Msimamo wangu ni huu: habari za picha ni sehemu ya picha, na asiyeweza kuvifunga viwili hivyo pamoja asiutoe uso wa mtoto hadharani.

Machozi yalitoka wapi

Machozi ya msichana yule yalikuwa ya woga, na aliyeogopwa ni mtu mwenye kamera. Hili ndilo linalonikaa moyoni kuliko yote katika kisa hiki. Mamilioni ya macho yangeweza kuitazama picha ile mwaka mzima na yasiligundue, kwa sababu kamera haionyeshi kilicho nyuma yake. Anayetazama anamwona mtoto analia. Hamwoni mtu mzima mgeni aliyesimama mbele ya mtoto huyo. Basi anaijaza nafasi hiyo kwa kitu anachokijua yeye, na katika wiki ile ya Aprili 2015 kila mtu alijua jambo moja kuhusu milima ya Asia: nyumba zimeanguka na watu wamekufa.

Simhukumu Nguyen kwa ukali. Alichokiona kilikuwa upendo halisi kati ya ndugu wawili, na alipoulizwa alisema ukweli wote, hata ule wa kwamba mtoto alimlilia yeye. Wapo wapiga picha ambao wangelimeza hilo. Lakini nikiulizwa mtu mwingine afanye nini akijikuta mahali kama pale, jibu langu ni kwamba mtoto wa miaka 2 hana namna ya kukataa zaidi ya kulia. Akilia, ameshajibu. Kamera ishushwe, mtu arudi nyuma, akae chini ili asiwe mrefu mno machoni pa mtoto, kisha amwite mzazi. Wazazi walikuwa shambani jirani.

Tena, kwa anayetaka kweli maisha ya kila siku, hapo ndipo maisha hayo huanza kuonekana. Mama akifika kutoka shambani akiwa na jembe mkononi na udongo miguuni, mtoto hunyamaza, hupanda mgongoni, na kijiji huendelea na kazi zake. Picha ya mama huyo na wanawe wawili ina uzito wake, na isingeliweza kuitwa ya yatima hata na mwongo hodari, kwa kuwa mzazi yumo ndani yake.

Nepali ina hali zote mbili. Kwenye njia za watalii za Annapurna au zile za kwenda Everest, watoto wamewazoea wageni, hukimbilia njiani na "namaste" mdomoni na mara nyingi huomba peremende, kalamu au rupia. Saa chache tu za kutembea nje ya njia hizo, mgeni bado ni kitu cha kutisha, na mtoto mdogo hukimbilia nyuma ya dada yake mkubwa, ambaye huenda mwenyewe ana miaka 7 na amembeba mwingine mgongoni. Dada huyo si mlezi wa kutoa ruhusa. Ni mtoto aliyeachiwa watoto.

Miaka ya kuzushiwa

Picha haikuruka moja kwa moja kutoka Can Ty hadi Nepali. Nguyen alisimulia kwamba miaka mitatu hivi baada ya kuiweka kwenye blogu, aliikuta inazungushwa na Wavietnam wenyewe kwenye Facebook ikiwa imepewa jina la yatima waliotelekezwa Ha Giang. Watu walishaiandikia hadithi nzima: mama amefariki, baba amewakimbia. Kisha picha ikavuka mipaka. Ikawa ya yatima wawili wa Burma. Ikawa ya wahanga wa vita vya Syria. Nepali ilikuwa kituo kimoja tu katika safari hiyo, ingawa ndicho kilichoitangaza zaidi. Nguyen alijaribu mara kwa mara kusahihisha na kudai haki yake ya umiliki, bila mafanikio makubwa.

Ukiziweka hadithi hizo pamoja utaona kitu kimoja hakibadiliki. Nchi inabadilika, sababu ya msiba inabadilika, lakini kila mara wazazi wanaondolewa. Kila aliyeisimulia upya alihitaji kuwaua, au kuwatorosha, baba na mama wa watoto wale. Na sentensi iliyokuwa na uwezo wa kuyazuia yote hayo ilikuwepo tangu mwanzo, fupi na ya kawaida kabisa: wazazi wao wako shambani jirani. Picha ikaondoka bila sentensi hiyo.

Fremu nayo ilichangia. Picha inayobana watoto wawili na kuacha nje karibu kila kitu kingine haina pa kuishikia. Hakuna shamba linaloonekana, hakuna mtu mzima, hakuna chombo cha kazi kinachomwambia mtazamaji yuko wapi. Uzuri wake wote umo katika kukumbatiana, na kukumbatiana kupo kila mahali duniani. Ndiyo sababu Msyria aliweza kuiamini, na rafiki wa Nepali pia. Mpiga picha anayependa kubana nyuso za watoto kwa sababu zinagusa moyo ajue anatengeneza kitu ambacho yeyote anaweza kukiandikia anwani anayoitaka.

Linganisha na picha nyingine ya siku zilezile, ambayo ilikuwa ya kweli. Amul Thapa wa chombo cha habari cha Kathmandu Today alimpiga picha mtoto wa miezi 4 aliyetolewa kwenye kifusi Bhaktapur baada ya saa 22 hivi, vumbi limemjaa, akiinuliwa na wanajeshi. Picha hiyo nayo ilienea duniani. Lakini mahali palijulikana, siku ilijulikana, mpiga picha alijulikana, na habari kwamba mama yake yu hai ilisafiri pamoja nayo. Furaha ya waliomwokoa imo ndani ya fremu. Ni vigumu mno kumhamishia mtoto huyo Syria.

Kwa nini uongo huu uliiumiza Nepali

Mtu anaweza kuuliza: kuna ubaya gani, ikiwa watu walioguswa na picha isiyo sahihi walichangia watu waliokuwa na shida ya kweli? Shida ilikuwa ya kweli, hilo halina ubishi. Tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga saa 5:56 asubuhi, kitovu chake kikiwa wilaya ya Gorkha, na tarehe 12 Mei likafuatiwa na jingine la 7.3. Watu karibu 9,000 walikufa, na nyumba zaidi ya 500,000 ziliharibika kabisa. Lilipiga siku ya Jumamosi, ambayo Nepali ni siku ya mapumziko. Madarasa maelfu kwa maelfu yalianguka yakiwa matupu. Kama ingekuwa siku ya masomo, hesabu ya watoto waliokufa ingekuwa nyingine kabisa.

Hata hivyo hadithi ya yatima ina hatari yake Nepali, na hatari hiyo ilikuwepo kabla ya tetemeko. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1996 hadi 2006, madalali walikwenda wilaya za mbali kama Humla, huko Karnali, wakawaahidi wazazi kwamba watoto wao watasoma Kathmandu. Wazazi walilipa, hata wakauza mali. Watoto walifikishwa kwenye makao ambako karatasi ziliandikwa kwamba wazazi wao wamekufa, kisha wakaonyeshwa kwa wageni wenye huruma na fedha. Ni biashara inayokwenda pale penye wageni: makao mengi ya watoto Nepali yako katika wilaya chache zinazopendwa na watalii, kama Kathmandu, Lalitpur na Kaski, na watoto wengi waliomo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Bidhaa ya biashara hiyo ni uso wa mtoto, na tangazo lake ni picha.

Tetemeko lilipotokea, serikali ya Nepali iliogopa mambo hayohayo. Ilisimamisha uasili wa watoto kwenda nje ya nchi, ikazuia watoto kusafirishwa nje ya wilaya zao bila mzazi au mlezi aliyeidhinishwa, na ikasitisha usajili wa makao mapya ya watoto. Juni 2015 UNICEF ilitangaza kwamba watoto wasiopungua 245 walikuwa wameokolewa wasisafirishwe kwa magendo au kupelekwa makaoni pasipo haja na kinyume cha sheria. Sidai kwamba picha ya Can Ty ilimhamisha hata mtoto mmoja kati ya hao. Ninachosema ni kwamba ilipanda katika ardhi iliyokwisha kulimwa. Wakati wenyeji walikuwa wanahangaika kuwaweka watoto karibu na jamaa zao, dunia ilikuwa inazungusha picha ya watoto wasio na mtu, na kuuliza itawapata wapi.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili aliyeko Doha, Dubai au Muscat atalielewa haraka. Vijiji vingi vya milima ya Nepali vina baba wachache mchana, na hata usiku. Wamekwenda Qatar, Emirati, Saudia na Malaysia kutafuta riziki. Huenda wewe unayesoma unapanda basi moja la kampuni na mmoja wao. Mtoto anayepigwa picha kijijini akiwa na bibi yake tu, au na kaka yake tu, ana baba anayepiga simu kila Ijumaa na kutuma fedha za ada. Fikiria mtu huyo anapokea kwenye simu yake picha ya mwanawe, imetumwa na mtu asiyemjua, imeandikwa "yatima". Kwa sababu hiyo neno hilo haliandikwi kwa kukisia. Haliandikwi hata pale ambapo mwenyeji wa kuongoza njia amelitamka, mpaka mtu wa ukoo wa mtoto alithibitishe.

Kisa kilekile, kikirudiwa Sindhupalchok

Tuseme basi kwamba watoto hao wawili wako Sindhupalchok, mojawapo ya wilaya zilizoumia sana mwaka 2015, na kwamba leo mtu mwenye kamera anapita mbele ya nyumba yao. Afanyeje?

Aanze na sheria, kwa kuwa wengi hudhani vijijini haipo. Sheria ya jinai ya Nepali iliyoanza kutumika Agosti 2018 inakataza kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, na sheria ya watoto ya mwaka huohuo inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, badala ya 16 ya sheria ya zamani ya 1992. Kwa hiyo ruhusa inatafutwa kwa mzazi au mlezi, kisha kwa mtoto mwenyewe kadiri anavyoelewa, na "hapana" ya mmoja wao inatosha.

Ugumu uko katika kujua ruhusa hiyo imetolewa kweli. Mgeni huja na kiongozi wa msafara au mpagazi, na huyu ndiye anayetafsiri. Mara nyingi kiongozi hujibu swali la mgeni kwa niaba ya familia, wala si kwa nia mbaya. Anataka tu mteja wake aridhike na safari iendelee. Anasema neno moja kwa mama, mama anacheka kwa haya, na mgeni anaambiwa "hakuna shida". Hiyo bado si ridhaa. Mama hajaambiwa kwamba picha itawekwa mahali ambapo watu wa nchi yoyote wataiona. Ninachopendekeza ni kitu rahisi: mwonyeshe mama, kwenye simu hiyohiyo, picha ya mtoto mwingine ilivyowekwa kwenye ukurasa wako pamoja na maoni ya watu chini yake. Kisha uulize. Wengi watakubali. Wengine watasema mpige mbuzi, usimpige mtoto, na mbuzi naye ni sehemu ya maisha ya kijiji.

Kwa watoto wachanga sababu ya kukataa inaweza kuwa jicho baya. Katika milima ya Nepali mtoto mchanga hupakwa wanja mzito machoni na mara nyingi alama nyeusi usoni ili husuda isimpate. Mtu wa Pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Wanja huo anaujua. Mama akimfunika mwanawe kwa kitambaa unapoinua kamera, usimwombe mara ya pili.

Ruhusa ikishapatikana, piga picha pana kabla ya ile ya kubana. Vijiji vya Nepali vina ukarimu wa ajabu kwa jicho linalosubiri. Nyumba za milima ya kati hupakwa udongo mwekundu chini na mweupe juu. Mahindi huanikwa kwa mafungu chini ya paa au kwenye nguzo uani. Doko, kile kikapu cha mianzi kinachobebwa mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kipo kila nyumba, na mtoto mdogo hulazwa au hubebwa humo kazi zikiendelea. Nyuma yake kuna matuta ya mpunga na ulezi yanayoshuka kama ngazi hadi mtoni. Wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Nepali, vijana husimamisha bembea ndefu za mianzi na kijiji kizima hubembea. Vitu hivi vikiwa ndani ya fremu, picha inajitetea yenyewe. Yeyote aliyewahi kufika Nepali ataiona picha ya Can Ty na kujiuliza mbona hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Mwaka 1975 Mmarekani Kevin Bubriski alifika kaskazini-magharibi mwa Nepali kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, akishughulika na miradi ya maji ya kunywa vijijini. Aliporudi miaka ya 1980 kuwapiga watu picha, alitumia kamera kubwa ya kusimamishwa kwenye miguu mitatu. Kwa kamera kama hiyo huwezi kumvizia mtu. Anayepigwa anajua, anasimama anavyotaka, na anamtazama mpiga picha machoni. Simu ya leo haihitaji hata sekunde moja, lakini hakuna anayemzuia mwenye simu kuchukua muda uleule.

Halafu yaja maelezo ya picha, na hapa pana mvutano wa kweli ambao nimeufikiria sana. Kadiri unavyoandika habari nyingi, ndivyo mwongo anavyokosa nafasi. Lakini kadiri unavyoandika habari nyingi, ndivyo pia dalali anavyojua pa kumpata mtoto. Jina la mtoto, jina la kijiji na picha ya nyumba vikiwekwa pamoja ni ramani. Miongozo ya UNICEF ya kuripoti habari za watoto inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na inataka jina libadilishwe na sura ifichwe pale utambulisho unapoweza kumletea madhara.

Njia ninayoiona ni kutenganisha habari za tukio na habari za kumfikia mtoto. Habari za tukio ziandikwe zote, bila kubania. Kwa kisa chetu zingesomeka hivi: "Kaka anambembeleza mdogo wake aliyemwogopa mgeni mwenye kamera. Wazazi wao wanafanya kazi shambani karibu na nyumba. Wilaya ya Sindhupalchok, Nepali, Oktoba 2024." Wilaya inatosha, mwezi unatosha. Jina la mtoto, kijiji, namba ya wadi na simu ya mlezi vikae kwenye daftari la mpiga picha, visionekane popote pengine. Mahali pa GPS pazimwe kwenye simu kabla ya kuanza kupiga, kwa kuwa faili la picha hubeba kipimo cha mahali ndani yake hata kama mwenyewe hujakiandika.

Maelezo hayo yaandikwe juu ya picha yenyewe, kwenye ukanda mdogo chini ya fremu. Najua wapiga picha hawapendi. Unaharibu sura ya kazi. Lakini mitandao mingi ya kijamii huziondoa taarifa nyingi zilizohifadhiwa ndani ya faili unapolipakia, na mtu anayeichukua picha hachukui ukurasa wake. Ukanda unaweza kukatwa, ndiyo. Ila anayeukata anajua anachofanya, na wale wengi wanaosambaza kwa huruma tu, bila nia mbaya, wataubeba pamoja na picha.

Wiki zilezile za 2015 wapo waliolifanya jambo hili vizuri. Wapiga picha kadhaa, miongoni mwao NayanTara Gurung Kakshapati wa Kathmandu, walianzisha ukurasa wa Instagram wa Nepal Photo Project, wakaweka picha zilizotoka maeneo yaliyoathirika zikiwa na maelezo ya mahali na ya hali ya watu. Mtazamaji alijua anachokiona na kinachohitajika. Hizo ndizo picha ambazo dunia ilipaswa kuzisambaza.

Upande wa anayesambaza

Aliyeandika "Nepali" chini ya picha ya Can Ty hajulikani, na waliomfuata ni wengi mno kuhesabika. Mwaka 2015 kifaa cha kuwazuia kilikuwepo. TinEye ilikuwa inatafuta asili ya picha tangu 2008, na Google iliruhusu kutafuta kwa picha tangu 2011. Picha iliyopigwa 2007 na kuzunguka Vietnam kwa miaka ingejitokeza kwa wengi waliojaribu. Watoto wenyewe, kwa hesabu ya umri aliotaja Nguyen, walikuwa na miaka 10 na 11 hivi wakati dunia inawatafuta wakiwa na 2 na 4.

Kwetu Afrika Mashariki tunalijua jambo hili tukiwa upande wa kupigwa picha, na sasa sheria imeanza kuuma. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Mkenya anayekwenda Nepali kupanda milima asiiache hukumu hiyo uwanja wa ndege.

Ndugu wawili wa Can Ty sasa ni watu wazima. Kama wangekuwa wa Sindhupalchok, na mpiga picha wao amefuata ninayoyasema, wangekuwa na namba ya kumpigia ili kuomba picha iondolewe, au waachiwe nakala yake iliyochapishwa. Kwa hiyo daftari lile la mpiga picha lisiwe la kwake peke yake. Ukurasa mmoja wenye jina lake, simu yake na tarehe ya picha uachwe kwa mlezi, na mwingine kwa mwalimu wa shule ya karibu, ambaye huenda ndiye mtu pekee kijijini atakayekuwa bado ana karatasi hiyo miaka 15 ijayo.